Kivuli cha Saa Tano

Jumapili ya tarehe 1 Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilijikuta kwenye visiwa vilivyo karibu na bara, katika mwambao ambao leo ni mkoa wa Cabo Delgado. Usiku uliotangulia, rubani waliyempakia Kisiwa cha Msumbiji alikuwa amewaambia kuwa nchi ile inayoonekana mbele ni bara. Kumbe visiwa. Kapiteni akaamuru rubani achapwe, na Wareno wakakipa kisiwa cha kwanza jina la Ilha do Açoutado, yaani Kisiwa cha Aliyechapwa. Aliyeandika kumbukumbu za safari ile anasema mtu yule alisema uongo. Huenda. Lakini anayevijua visiwa hivyo vya Kirimba anajua pia kwamba vimelala chini, vimezungukwa na mikoko, na bara nyuma yake limelala chini vilevile. Gizani, ukiwa juu ya merikebu ya mgeni aliyeshika bakora, tofauti kati ya kisiwa na bara si jambo la kuapia.

Kumbukumbu hizo hizo, kurasa chache nyuma, zinataja kwamba mabaharia wa Kiislamu waliokutwa Kisiwa cha Msumbiji walikuwa na sindano za dira, vyombo vya kupimia nyota na ramani za bahari. Wareno hawakuileta dira huku, waliikuta. Karibu miaka kumi kabla yao, Ahmad ibn Majid wa Julfar alikuwa ameandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari ambamo duara la upeo limegawanywa mara 32, kila sehemu ikiitwa kwa nyota inapochomoza au inapotua. Alijua pia shida ya upande wetu: nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia hao waliiita Jah, inazama ukivuka ikweta. Kutoka Palma, mji wa mwambao huu ulio karibu digrii 11 kusini, hujaiona hata siku moja na hutaiona.

Nayakumbuka haya kila ninaposikia hoja ya kuingiza ramani na dira katika kipindi cha michezo shuleni. Msikilizaji hudhani hicho ni kitu cha Wazungu. Kama mchezo, ni kweli kimetoka kwao. Mwaka 1919 Ernst Killander, kiongozi wa skauti na mwanajeshi wa Uswidi, aliandaa karibu na Stockholm mashindano makubwa ya kukimbia msituni kwa ramani na dira, na wengi huhesabu hayo kuwa mwanzo wa mchezo wenyewe. Shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1961. Sheria zake ni fupi. Unapewa ramani yenye vituo vilivyochorwa kwa duara, unavitembelea kwa mpangilio, na njia ya kutoka kituo hadi kituo unaichagua mwenyewe. Hakuna mstari uliochorwa chini. Mwenye mbio aliyechagua vibaya hufika nyuma ya mwenye mwendo wa pole aliyetazama vizuri, na hilo peke yake lingetosha kuupenda mchezo huu katika shule ambazo kipindi cha michezo maana yake ni mpira mmoja, wavulana ishirini na wawili, na wengine wote pembeni chini ya mwembe.

Mwalimu wa jiografia atalalamika kwamba hiyo ni kazi yake. Na kweli anaifanya: watoto wa Msumbiji wanafundishwa pande za dunia mapema, wanachora ile nyota ya ncha nane daftarini, na kwenye mtihani wanapata alama zao. Mtoe mtoto huyo nje umuulize kaskazini ni wapi. Wengi wataonyesha juu, angani, kwa sababu kwenye daftari kaskazini iko juu. Mwingine atageuka kuangalia ulipo ubao. Kama ubao umetundikwa ukuta wa kusini, basi kwa mtoto huyo dunia nzima imepinduliwa, na hakuna mtihani utakaoligundua hilo. Mwelekeo ni ujuzi wa miguu, shingo na mabega. Unakaa mwilini kama kuogelea kunavyokaa. Ndiyo maana naona unafaa zaidi kwa mwalimu mwenye filimbi kuliko kwa mwalimu mwenye chaki.

Tena mtoto wa pwani hii hafiki shuleni mtupu. Wakati wa bamvua, maji yanapopwa mbali na mwamba kubaki wazi, wanawake na watoto wao hutembea hadi ukingoni kutafuta pweza na makome. Huko mbali, ambako nyumba za kijiji zinaonekana kama mstari mwembamba, mtu asiyejua mkondo gani unajaa kwanza anaweza kukatiwa njia ya kurudi akiwa bado ameinama. Kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua bahari hupanda mita tatu hadi nne, na haipigi hodi. Wanaorudi salama hurudi kwa kutazama: mnazi ule umekaa juu ya paa lile, basi tupo kwenye njia, mnazi umehamia kushoto, tumepotoka. Mvuvi hufanya hivyo hivyo kulipata fungu lake la samaki, alama mbili za karibu na mbali zipangane upande mmoja, na mbili nyingine upande wa pili. Huko Ulaya wanalipa ada ya klabu kufundishwa jambo hilo. Hapa mtoto wa miaka tisa analijua, ila hajaambiwa kuwa ni elimu.

Anajua pia pepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, jahazi za kutoka juu zinashuka. Kusi ikishika kuanzia Aprili, safari zinageuka. Mtoto aliyelelewa kati ya Kionga na Mocímboa da Praia anaweza kufumba macho na kukuambia upepo unamgonga shavu gani.

Na kuna kibla. Hili huwashangaza hata walimu. Makka iko kwenye longitudo ya karibu digrii 39.8 mashariki, Palma iko 40.5, Mocímboa da Praia 40.3, Pemba 40.5. Maana yake ni kwamba kutoka mwambao huu wote kibla ni kaskazini, pungufu ya digrii moja au zaidi kidogo kuelekea magharibi. Mswahili wa Lamu hawezi kujivunia unyoofu kama huo kwa urahisi. Wa Muscat ndiyo kabisa. Mihrabu ya msikiti wa Palma ni dira ya saruji. Si lazima mtoto awe Mwislamu kuitumia: Mmakonde Mkristo aliyeshuka kutoka Mueda akiona upande ambao kibweta cha mihrabu kimetokeza nje ya ukuta, ameshajua kaskazini iko wapi, na mashariki itakuwa mkono wake wa kulia. Najua siyo kila msikiti wa zamani ulipimwa kwa chombo. Kwa kiwanja cha shule inatosha.

Dira yenyewe sasa. Shule nyingi hazina hata moja, na zikiletwa za msaada zina kasoro ambayo wafadhili hawaioni. Nguvu ya sumaku ya dunia hailali tambarare; kaskazini ya dunia huivuta ncha ya kaskazini ya sindano chini, na huku kwetu huivuta ncha ya kusini. Kwa hiyo viwanda hugawa dunia katika kanda na kuipa kila kanda sindano iliyosawazishwa kwa uzito wake. Dira ya kanda ya Ulaya ikifika Palma sindano yake inainama, inakwaruza kioo, inakwama, na mtoto anadhani yeye ndiye hajui. Anayenunua aulize kanda kabla hajauliza bei.

Afadhali kwanza itengenezwe hapo hapo. Spika ya redio iliyokufa ina sumaku nyuma yake, na redio zilizokufa hazijawahi kuadimika. Chukua sindano ya kushonea, isugue kwenye sumaku hiyo kuelekea upande mmoja tu, mara thelathini au zaidi, ukiinyanyua kila ukifika mwisho, usiirudishe kwa kuiburuza. Kata kipande cha kandambili kuukuu ukubwa wa shilingi, pitisha sindano katikati yake, kielee kwenye beseni la plastiki lililojaa maji. Liwe la plastiki kweli. Sufuria ya chuma itaharibu kila kitu. Sindano itazunguka taratibu, itasita, itatulia. Watoto watalisukuma beseni, watalizungusha, na sindano itarudi pale pale. Hapo waache kidogo. Kisha mmoja alete pikipiki karibu, au simu, au karatasi ya bati, na wote waone sindano inavyopotoshwa. Ncha ipi ni kaskazini? Sindano haisemi. Inabidi wageukie jua, bahari au mihrabu kuuliza, na swali hilo ndilo linalowatoa kwenye beseni na kuwarudisha duniani.

Wakubwa zaidi waambiwe kwamba hata sindano nzuri haielekei kaskazini hasa. Kwenye mwambao huu inapotoka digrii kadhaa kuelekea magharibi. Uwanjani hilo halina madhara. Lakini kosa la digrii tano katika mwendo wa kilomita moja linakutupa karibu mita 90 pembeni, na mita 90 kwenye mikoko ni mbali sana.

Nimechelewa kwa makusudi kufika kwenye jambo ambalo msomaji amekuwa akilisubiri tangu alipoona jina la Palma.

Mchezo huu umejengwa juu ya ruhusa moja: kuacha njia. Na Cabo Delgado ni mahali ambapo kuacha njia kumekuwa hatari kwa vizazi. Vita vya ukombozi vilianzia mkoa huu huu, Chai, tarehe 25 Septemba 1964, na Wareno wakatega mabomu ya ardhini. Vikaja vita vya baada ya uhuru. Mwezi Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kuwa mabomu yote ya ardhini yanayojulikana yameondolewa nchini. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji wakavamia Mocímboa da Praia. Hesabu mwenyewe: kati ya tangazo lile na shambulio hilo ni miaka miwili na siku chache. Hiyo ndiyo nafasi ambayo mtoto wa huku aliwahi kupewa ya kuingia porini bila kuambiwa angalia unapokanyaga.

Kikaja kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kikapiga kusini zaidi, Ibo na Macomia. Ikaja Machi 2021. Palma iliposhambuliwa tarehe 24, simu zilikatika, na maelfu walikimbia kwa miguu: wengine Nangade, wengine Mueda, wengine kuelekea Ruvuma na Tanzania, wengine Quitunda jirani na mradi wa gesi wa Afungi, wengine kwa boti hadi Pemba. Miongoni mwa waliolala porini siku nyingi walikuwamo watoto ambao leo wako madarasani.

Kwa hiyo yupo atakayesema: safi, wafundisheni dira ili siku nyingine wajue pa kukimbilia. Nimelisikia likisemwa kwa nia njema, na nalikataa. Waliokimbia Palma hawakukosa kaskazini. Walijua Ruvuma iko wapi, Nangade iko wapi, bahari iko wapi. Walichokosa ni maji ya kunywa, chombo cha kuvukia, na barabara isiyo na bunduki. Kuwaambia watoto kwamba sindano ingewaokoa ni kuwatwika wao deni la watu wazima. Ni kama yule rubani wa 1498: wenye merikebu wamepotea, anayechapwa ni mwingine.

Kuna ubaya mwingine katika hoja hiyo. Mtoto wa mahali pa vita hupewa kila kitu kwa ajili ya usalama. Mpira wake ni tiba ya kiwewe, wimbo wake ni onyo la mabomu, mchoro wake unakusanywa uwe ushahidi wa mateso. Mtoto wa Uswidi akipewa ramani na dira hupewa kwa sababu moja: inafurahisha kupotea kidogo halafu ukajipata. Sioni kwa nini wa Palma apewe kwa sababu nyingine. Akitoka hapo akawa nahodha, mpima ardhi au mwongoza watalii kisiwani Vamizi, vizuri. Lakini hilo lisiandikwe kwenye mpango wa somo.

Kufurahi huko kuna masharti, na mwalimu asiyejali masharti haya asianze. Porini hapana. Vituo viwekwe ndani ya uzio wa shule, au ufukweni maji yanapopwa, mahali ambapo bahari hupafuta na kupaandika upya mara mbili kwa siku na kila mtu amepita. Watoto wakumbushwe tena kwamba chuma wasichokijua hakiguswi. Ramani iwe ya kuchora wenyewe, ya kiwanja chao: darasa, choo, kisima, mwembe, goli. Mtoto asikutwe barabarani na karatasi yenye mishale na vituo vya siri vyenye namba. Kwenye kizuizi cha askari hakuna atakayesubiri aeleze kuwa ni somo la michezo. Katibu wa mtaa na wazazi wajulishwe mapema, na siku ya mchezo wakaribishwe waone. Mama aliyezoea kusoma mwamba kwa mnazi na paa apewe kituo chake akisimamie. Sidhani kama atahitaji maelezo marefu.

Ndani ya mipaka hiyo kuna nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kuhesabu hatua kunajaza kipindi kizima: kila mtoto apime yeye hutumia hatua ngapi kwa mita 50, mchangani na kwenye udongo mgumu, maana haziwi sawa. Kesho yake apewe karatasi isemayo hatua 40 kuelekea kibla, 25 kuelekea bahari, na aone ameishia wapi. Wasichana wenye kanga na ushungi hucheza sawa na wavulana, kwani hakuna anayelazimika kukimbia. Aliyepotea anarudi mwanzoni, anajaribu tena, na bakora ibaki ofisini. Hili la bakora nalisema kwa herufi kubwa. Mtoto anayeogopa kukosea hatachagua njia. Atamfuata wa mbele yake, na wa mbele yake atamfuata mwingine, na mwalimu atabaki na mstari wa watoto arobaini wasiojua wanakwenda wapi.

Kwa anayetaka pa kuanzia, kuna somo lisilohitaji hata sindano, nalo halilingani na vitabu vilivyoandikwa Ulaya, ambavyo husema kwa uhakika kwamba adhuhuri jua liko kusini. Kwa Palma hilo ni kweli miezi minne tu. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini na kivuli kinaanguka kusini. Halafu mambo yanageuka. Simamisha mti ulionyooka uwanjani, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri nusu saa, weka jingine. Mstari unaounganisha mawe hayo huenda magharibi hadi mashariki, na jiwe la kwanza ndilo la magharibi, mwaka mzima.

Saa ya mkononi isiaminiwe. Msumbiji inafuata saa ya kati ya Afrika, na ukivuka Ruvuma kutoka Mtwara unarudisha mshale nyuma saa nzima, ilhali jua halijui kama kuna mpaka. Palma iko mashariki mno kwa saa yake, hivyo jua linafika utosini mapema. Mara mbili kwa mwaka linapita juu kabisa na kivuli cha mti ulionyooka kinatoweka: mwezi wa Februari karibu tarehe 20, kama saa tano na nusu asubuhi, na mwezi wa Oktoba tarehe 21 au 22, saa tano imepita kwa dakika mbili tatu. Siku hizo zote mbili shule kwa kawaida huwa wazi, zisipoangukia wikiendi. Walimu wa Palma, Kionga na Olumbi, toeni watoto nje mapema kidogo, mti uwe umeshasimamishwa kwa timazi, na msiwaambie watakachokiona.